Mikono ya Koleo

Dobi huyu alikuwa na jina lake la kuzaliwa, lakini mtaa ulikwisha kulisahau. Walimwita Koleo. Umeme ulipokatika, mafundi wengine walifunga milango wakakaa nje kupiga soga. Yeye aliitoa pasi ya mkaa aliyorithi kwa baba yake, akaenda kwa mama wa chai jirani, akaokota makaa mekundu kwa vidole, moja baada ya jingine, kama mtu anayechagua nyanya sokoni. Wateja walishika vichwa. Koleo alipuliza ncha za vidole, akacheka, akarudi kazini.

Viganja vyake vilikuwa vigumu kama soli, na kwa ugumu huo alijivuna haswa. Alisogeza mkono karibu na pasi, akakwambia hii inafaa hariri, hii inafaa pamba, hii ikigusa shati lako utalia. Hakuwahi kuunguza nguo ya mtu, au tuseme hakuwahi kukiri. Ukimtania alikujibu, "Nani wa kunifundisha mimi habari za joto?"

Nyumbani majivuno hayo yaligeuka kichekesho. Binti yake wa pekee alipokuwa bado mchanga, baba mtu alijitolea siku moja kumwogesha. Akatia mkono kwenye beseni, akatangaza kwamba maji ni vuguvugu. Mkewe hakuwa na mazoea ya kuamini kila linalotangazwa na mumewe, kwa hiyo alichovya kidole kwanza, akaruka.

"We baba, unataka kumpika mtoto?"

Tangu siku hiyo maji ya kuoga yalichanganywa na mama peke yake, na kila mgeni aliyekanyaga nyumbani kwao alisimuliwa kisa cha beseni. Walikisimulia miaka na miaka. Walikicheka mpaka machozi, na hakuna aliyewaza kwamba kina jambo zaidi ya kicheko.

Binti huyo alipokua kidogo wateja walimpa jina la Bosi. Akitoka shule alikwea stuli ndefu kando ya meza ya kupigia pasi, akaanza kutoa amri. "Mzee, shati lako bado. Rudi kesho, tena usituletee kelele." Watu wazima wenye ndevu zao walisema, "Haya, Bosi," wakaondoka wakicheka. Kazi ikiisha, baba alinyoosha shuka moja la mwisho, lile la Bosi, akamrushia likiwa bado la moto. Bosi alipiga kelele za furaha, akajiviringisha mpaka ikabaki pua tu. Koleo hakuwa mtu wa maneno matamu. Mapenzi yake yote yalikuwa kwenye shuka hilo.

Kisha Bosi akaanza kusinzia juu ya stuli. Miguu ikawa na mavilio ya damu ya ajabu, na mama yake akaenda shuleni akiwaka moto, akitaka kumjua aliyempiga mwanawe. Hakukuwa na aliyempiga. Siku moja damu ikamtoka mtoto puani, ikadondokea shati jeupe la mteja, na Koleo akafoka, "Angalia shati la watu!" Alichokitazama kwanza ni shati. Damu ile haikukoma mpaka walipofika hospitali.

Daktari alikuwa mwanamke wa sauti ya chini. Aliwakalisha kwenye chumba chenye viti viwili na feni isiyozunguka, akawaambia ni saratani ya damu. Mama aliuliza kama mtoto atapona. Koleo aliuliza swali la dobi.

"Damu yenyewe haiwezi kusafishwa?"

"Ndiyo tunayojaribu," daktari akasema. "Ila dawa zetu ni kali. Zinaua zile chembe mbaya, na nzuri nazo zinakwenda."

"Kama dawa ya madoa. Inatoa doa, na kitambaa kinachakaa."

"Hivyo hivyo."

Alilielewa hilo kuliko maelezo yote yaliyofuata, na ndilo lililomnyima usingizi. Alikuwa ameshaona vitambaa vilivyotoka safi kabisa, vikachanika mkononi.

Mama aliacha kazi yake ya kupika shuleni, akahamia kwenye kiti cha plastiki kando ya kitanda. Dripu ilining'inia juu yao mchana na usiku. Bosi alitapika mpaka akatapika maji ya njano, midomo ikachubuka ndani, nywele zikabaki kwenye mto kwa mafungu. Aliyemwonea huruma kwa sauti alitimuliwa. "Usinililie," alimwambia shangazi yake, "nenda kalie nje kwenye maua." Manesi walimpenda, wakawa wakimuaga kila wamalizapo zamu kama wanavyomuaga mkubwa wa kazi.

Koleo alikuja kila siku na mashuka. Ya hospitali alikuwa ameyainua siku ya kwanza kwa vidole viwili, akauliza, "Hili alilinyoosha nani, ng'ombe?" Nesi mkuu alikuwa mama mnene asiyechekacheka, lakini siku hiyo alicheka, akamruhusu alete yake mradi yapigwe pasi vizuri, kwa kuwa moto unaua vijidudu. Kwa hiyo Koleo akawa na kazi ya kufanya katika ugonjwa ule, na kazi yenyewe ilikuwa ya joto. Alitembea wodini na furushi lake kifua mbele. Maskini, alidhani amepata silaha.

Na kweli, dawa zilifanya kazi. Siku moja daktari aliwaita kwenye kile chumba cha feni, akasema chembe mbaya hazionekani tena kwa sasa, safari bado ndefu, lakini mtoto anaweza kwenda kupumzika nyumbani kabla ya duru nyingine. Mama alishukuru tena na tena. Daktari akamwacha apumue, kisha akainua kidole.

"Sikilizeni. Mwilini mwake sasa hakuna askari. Homa kwa Bosi si homa ya mtoto mwingine. Ikifika thelathini na nane, msimpe kidonge, msisubiri kupambazuke. Mleteni hapo hapo."

Akawapa kipimajoto. Koleo aliitikia kwa kichwa, tena kwa nguvu kuliko mkewe, utadhani sharti hilo kalitunga yeye. Lakini aliyekipokea ni mama, na aliyempima mtoto asubuhi, mchana na jioni ni mama. Koleo aliona ni mambo ya wanawake na vidude vyao. Hakusema hivyo, ila alivyotazama pembeni ilitosha.

Walipata siku njema kadhaa. Bosi alirudi dukani kwa baba yake, amevaa kofia ya sufu, akalala kwenye godoro dogo nyuma ya pazia, maana stuli ilimshinda. Wateja hawakuruhusiwa kumkaribia, wakawa wanasalimiana naye kwa mbali. Kisha hospitali ikampigia mama aende kuchukua dawa. Akaondoka baada ya chakula cha mchana, shingo upande.

"Kipimo kimo kwenye kopo la penseli. Mpime alasiri, baba Bosi."

"Nimesikia."

"Nimesema alasiri, usisahau."

"Mke wangu, huyu mtoto ni wangu pia. Nenda."

Mchana huo umeme ukakatika, na mezani kulikuwa na lundo la sare za hoteli zinazotakiwa jioni. Koleo akaokota makaa kwa mama wa chai, akaipepea pasi ya baba yake, akaanza kazi. Jasho lilimtiririka. Alikuwa amefika katikati ya lundo aliposikia sauti nyuma ya pazia.

"Baba, nasikia baridi."

Akaiweka pasi chini, akaenda. Akaweka kiganja, kile kile kilichokuwa kimeshika pasi tangu adhuhuri, juu ya paji la uso la mwanawe. Akatulia kidogo, kama afanyavyo kazini.

"Homa huna. Tena umepoa kama mtungi."

"Basi nipe shuka la moto."

Hapo Koleo alifurahi. Tangu ugonjwa uanze Bosi hakuwahi kuliomba shuka hilo, maana ngozi ilimuuma na hakutaka kitu kimguse. Sasa ameliomba mwenyewe. Baba akajiambia mtoto wangu anarudi. Akalinyoosha shuka kwa uangalifu kuliko sare zote za hoteli, akamfunika likiwa linafuka. Bosi hakupiga kelele zile za zamani. Alitabasamu tu, akafumba macho, akasema, "Jingine."

Akampa jingine. Kopo la penseli lilikuwa rafuni, mkono ungelifikia. Alasiri ilipofika Koleo alilitazama, akamtazama mtoto aliyetulia, akaona hakuna haja ya kumwamsha kwa kidude. Ameshampima. Akarudi kwenye sare zake akipiga mluzi.

Mama alirudi jua likiwa limeanza kulegea. Hakuvua hata viatu. Aliyaona mashuka mawili, akapiga magoti, akaweka mkono shingoni kwa mtoto, na mfuko wa dawa ukamponyoka.

"Umempima?"

"Nimempima."

"Imesoma ngapi?"

Macho ya Koleo yakaenda kwenye kopo la penseli.

"Nakuuliza, imesoma ngapi?"

"Nilimpima kwa mkono."

Mama akaitazama mikono ya mumewe iliyoning'inia, myeusi kwa masizi, yenye ngozi ya kung'aa kwenye ncha za vidole. Katika ndoa yao yote hakuwahi kumwita jina la mtaani.

"Mkono gani?" akasema. "Mkono gani, Koleo?"

Kipimajoto kilipita arobaini. Mwenye duka la dawa la jirani aliwapakia kwenye gari lake, na njia nzima Bosi alikuwa akitetemeka na kusema maneno ya dukani: kesho, shati bado, rudi kesho. Wodini walimkimbiza kwenye chumba cha wagonjwa mahututi. Daktari alitoka baadaye, barakoa ikiwa kidevuni, akauliza homa ilianza lini. Mama alifungua mdomo, lakini Koleo alimtangulia.

"Mchana. Mimi ndiye niliyekuwa naye. Sikumpima."

Daktari hakumfokea. Alisema vijidudu vimeingia kwenye damu na wanafanya kila linalowezekana. Alipogeuka, Koleo alimfuata mpaka mwisho wa ukumbi, akamzuia njia.

"Daktari, tungekuja mchana ule ule, ingekuwa vingine?"

"Pengine. Na pengine isingesaidia. Siwezi kukudanganya kwa upande wowote."

Angempiga kofi ingekuwa nafuu.

Mkewe hakumlaumu tena. Alimwambia ale, alimwambia akaoge, alimpa nusu ya blanketi lake kwenye benchi la nje. Upole huo ulimtesa. Walipoingia kumwona mtoto, mama alimpangusa, alimpaka mafuta midomoni, alimwimbia. Koleo alisimama miguuni pa kitanda, mikono mifukoni. Hakuthubutu kuitoa. Alikuwa ameanza kuiogopa.

Bosi alizinduka mara moja tu. Mashine zilikuwa zinalia pembeni, mrija puani, macho yamezama. Alimtafuta baba yake mpaka akampata.

"Mbona unasimama mbali? Njoo hapa."

Koleo akasogea.

"Nishike."

Akamshika. Mkono wa mtoto ulipotea ndani ya kiganja chake.

"Inakwaruza," Bosi akasema, na alikuwa kama anacheka. "Usiache."

Hakuacha mpaka manesi walipomtoa. Asubuhi moja, siku chache baadaye, daktari na nesi mkuu walifanya kazi kwa haraka juu ya kitanda kile kwa muda mrefu, kisha wakaacha kufanya haraka, kisha wakaacha kabisa. Mashine zikazimwa moja moja. Nesi mkuu akavuta pazia, akawaacha wazazi na mtoto wao, na hakuna aliyekuja kuwaharakisha.

Walikaa. Nje walisikia gari la kusukuma chai likipita, vikombe vikigongana. Mama alikuwa ameweka mkono juu ya paji la uso la binti yake, hakuuondoa tangu mwanzo.

"Anapoa," akasema.

Koleo akaweka kiganja chake kando ya mkono wa mkewe. Akatulia. Akangoja.

"Hapana. Ana joto bado." Akakigeuza kiganja, akajaribu upande wa nyuma, akajaribu vidole. "Ana joto, mke wangu. Muite daktari, mwambie ana joto bado."

Mkewe alimtazama, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya mashuka machozi yalimtoka kwa ajili ya mumewe. Alimshika kisogoni, kama mtu anavyomshika mtoto anayefundishwa kunywa kikombeni, akamwinamisha taratibu mpaka uso wake ukagusa paji la uso la Bosi. Shavu la Koleo halikuwahi kushika kaa la moto. Lilikuwa shavu la mtu yeyote, na lilijua mara moja.