Avis Dowse kwenye foleni ya York

Avis Dowse hajawahi kumruka mtu kwenye foleni. Nilifanya naye kazi jikoni, shule moja ya msingi kule Grimsby, Uingereza, yeye kwenye viazi na mimi kwenye masinki, na hata chai ya mapumziko, ambayo aliipika mwenyewe, aliinywa wa mwisho. Ukimkanyaga mguu, yeye ndiye atakayekuomba radhi. Mimi sina subira hiyo, na ndiyo maana tumeshibana miaka yote.

Mumewe ni Clifford. Alikuwa akitoa minofu ya samaki bandarini mpaka meli za uvuvi zilipoisha, kisha akawa mtu wa bustani, gazeti na kulalamika. Walimlea binti mmoja, Lynne, anayekaa Leeds na ana haraka ya kila kitu. Ni mwanamke mzuri Lynne, ila anaongea kama anafunga mkutano.

Msimu wa baridi uliopita Cliff alitoka kwenda kununua gazeti, hakurudi. Alikutwa mbele ya geti la ile kampuni yake ya zamani ya samaki, amevaa kandambili za ndani, anangoja wafungue aanze zamu. Kampuni yenyewe ilishavunjwa. Siku hizi pale wanauza mazulia.

Lynne alikuja Jumapili ya wiki ileile na vipeperushi vya nyumba za kutunzia wazee, vyenye picha za bibi na babu wanaocheka bila sababu. Akasema baba akipotea tena mara moja tu, nyumba inauzwa na yeye anapelekwa huko. Avis hakubishana. Hajui kubishana. Alisema tu kwamba daktari bado anampima, na kwamba angependa kwanza amtoe mzee kidogo, wakatembee siku mbili. Wakirudi salama, vile vipeperushi visiingie tena kwake. Lynne akakubali, kwa sharti apigiwe simu kila jioni.

Walichagua York, mji wa kale, kwa sababu safari yake ndiyo iliyokuwa rahisi kwenye dirisha la wakala wa mabasi. Mwezi wa tatu, mvua, nani anataka kutembea? Nami nikabebwa. Avis alisema ni kwa ajili ya kampani. Nilijua ni kwa ajili ya macho ya ziada.

Siku ya kwanza ilikwenda vizuri mpaka nikaanza kuona aibu kwa kumchunga mzee wa watu kama mbuzi. Tulitembea juu ya kuta za mji, kule hawatozi kitu. Tulikula sandwichi za mayai kwenye benchi. Kanisa kuu tuliliangalia kwa nje mchana, tukaingia jioni wakati wa sala, maana anayekwenda kusali halipi, na Avis alisali kwelikweli ili asionekane mwizi. Tulipopita karibu na mgahawa mmoja wa chai na keki wenye watu wamejipanga mvuani, Cliff alisema afadhali anywe maji ya mto kuliko kusimama na wale. Gesti ilikuwa na kitanda kinacholia na mwenye nyumba anayelia zaidi, lakini jioni ile Avis alimpigia Lynne simu kwa sauti ya mtu aliyefaulu.

Siku ya pili, kabla ya basi la kurudi, tulikaa kwenye uwanja wa katikati ya mji, karibu na mgahawa uleule. Avis na mimi tukaenda chooni. Alimwambia Cliff asiondoke, na Cliff akamjibu kwamba yeye siyo mwavuli wa kusahaulika.

Tuliporudi, begi letu lilikuwepo kwenye benchi. Cliff hakuwepo.

Nilimpigia simu. Haikupatikana, na Avis akanikumbusha kwamba Cliff huwa anaizima ili isichakae, anasema ni ya dharura tu. Nikamuuliza dharura itamfikiaje akiwa ameizima. Avis alikuwa ameshalichukua begi. Rangi ilikuwa imemtoka usoni.

Tulikwenda mtoni kwanza, kwa sababu kila mtu huwaza mto. Tukaenda stesheni. Tukapita kwenye kichochoro kimoja cha maduka ya zamani ya nyama, nyumba zimeinamiana kama wambea, na Avis anachungulia kila mlango, anaomba radhi kwa kila muuzaji. Mimi nikasema tumpigie Lynne, halafu polisi.

"Usimpigie Lynne," akasema. "Ukimpigia Lynne, hata akipatikana nimeshampoteza."

Nikairudisha simu mfukoni. Tulikubaliana turudi pale uwanjani, tuulize kwenye ule mgahawa, maana una madirisha makubwa na wahudumu huwa wanaona kila kitu. Tukikosa pale, polisi, atake asitake.

Foleni ya mgahawa ilikuwa imekuwa ndefu, imekunja kona, hata mlango huuoni. Avis akaanza kuifuata kuelekea mbele. Mama mmoja mwenye koti la kijani akamwambia kwa upole, upole ule wenye kisu, "Mwisho uko kule nyuma, mpenzi."

Avis akaomba radhi. Akageuka, akatembea mpaka mwisho wa foleni, akasimama.

Nilimtazama kama mtu aliyeota pembe.

"Avis, unafanya nini?"

"Nangoja niulize."

"Mumeo kapotea."

"Najua. Lakini hawa walitangulia."

Na watu wa mbele yake wakatikisa kichwa kuafiki, jamani, kama vile amesema jambo la maana. Mimi hasira zilinipanda. Nikamwambia vizuri, basi Lynne atakapomuuliza alikuwa wapi baba yake alipokuwa anazurura barabarani, amjibu alikuwa anasubiri zamu yake ya keki.

Ilimchoma. Niliona inaingia. Akaushika mkoba wake kwa mikono miwili, akatoka kwenye mstari, akaanza kupita watu mmoja mmoja, kwa mara ya kwanza maishani mwake.

"Samahani. Sitaki keki. Samahani, namtafuta mume wangu. Sitaki keki."

Watu waliguna. Mama wa koti la kijani akaangalia juu mbinguni. Mimi nilikuwa nyuma yake, namtazama kila aliyeguna mpaka anatazama viatu vyake. Tukakunja kona, mlango ukaonekana, na mtu wa pili kutoka mlangoni, kofia yake kichwani na gazeti kwapani, alikuwa Clifford Dowse.

Alituona. Akawa mwekundu.

"Avis," akanong'ona, "usiruke foleni. Watu wanaangalia."

Avis alimshika koti kifuani na hakuliachia.

Cliff akaeleza, huku anatupisha tusimzibie mtu njia. Binti mmoja aliyekuwa kwenye foleni, karibu na benchi, mtoto wake alitaka kutapika. Akamwomba Cliff amshikie nafasi. Cliff akashika. Begi aliliacha makusudi, tujue yuko karibu. Foleni ikasogea, ikakunja kona, akawa hatuoni tena na sisi hatumwoni. Angetoka, nafasi ya binti ingepotea.

"Nimemuahidi," akasema.

Avis akamuuliza huyo binti ni nani. Anaitwa Bethan, katoka Wales. Na mtoto? Ifan, kala zabibu kavu pakiti nzima kwenye treni. Avis akauliza tena, kama aliyesahau, mtoto anaitwa nani vile. Hapo Cliff akamtazama vizuri.

"Unanipima, siyo?"

"Ndiyo, Cliff."

"Ile siku ya kule getini nilipotea kweli. Sikujua niko wapi, na niliogopa sana, sikukwambia tu. Leo sikupotea, Avis. Leo nilikuwa nimesimama."

Avis akaanza kucheka na machozi yakamtoka hapohapo, na mtu aliyekuwa nyuma yetu akajifanya anasoma bei za dirishani.

Bethan akarudi mbio, mtoto kambeba begani kama gunia, uso mweupe lakini tumbo limetulia. Akamshukuru Cliff mpaka Cliff akaanza kutafuta pa kukimbilia. Akatuomba tuingie naye, atatununulia chai, si tumeshafika mlangoni? Avis akakataa. Hatukupanga foleni, akasema, haitakuwa haki. Nilitaka kumpiga.

Basi lilipoanza kutoka mjini, Avis alimpigia Lynne. Nilidhani ataficha. Akamweleza yote: choo, benchi, mto, mama wa koti la kijani. Kisha tukasikia Lynne anacheka, kicheko ambacho sikuwahi kukisikia kwake, anauliza kama ni kweli wote wawili walikuwa kwenye foleni moja wanatafutana.

Alisema atakuja Jumapili kula, na vipeperushi atavitupa, angalau mpaka daktari aseme vingine. Avis akamshukuru, akakata simu, akaegemea kiti na kushusha pumzi ndefu. Cliff tayari alikuwa anakoroma. Avis akafungua kopo la sandwichi zilizobaki, akanipa mimi kwanza, kisha, kwa mara ya kwanza siku ile, akala.