Siku Karthala Ilipoamka

Juzi, televisheni ya saluni moja hapa Peckham, ughaibuni, ilionyesha volkano ikifoka, nikasikia tena harufu ile ya kiberiti. Nilikuwa mtoto kwetu Ngazidja, Karthala ilipotunyeshea majivu mpaka mchana ukawa giza. Bibi alisoma dua, akasema mlima umeamka. Mimi nikadhani tukinyamaza utalala tena.

Mama alipotoka kufunika tangi la maji ya mvua, alinipakatisha mdogo wangu mchanga, aliyekuwa akikohoa. Nilimbembeleza kwa kunong'ona mpaka akatulia. Leo mimi ni nesi, najua majivu huyafanya nini mapafu madogo.

Mama aliporudi, alimgusa shavu.

"Ametulia tangu lini?"

"Muda mrefu," nilimjibu kwa fahari. "Hata hakohoi tena."