Kitabu Kilichokuwa na Msomaji Mmoja

Kila mfanyakazi wa maktaba yetu alipaswa kupendekeza kitabu kimoja kwa mwezi. Unachagua kitabu kipya, unakisimamisha kwenye rafu ya mbele karibu na mlango, na chini yake unaweka kadi yenye mistari michache ya kumshawishi msomaji. Kadi haikuwa na jina la aliyeiandika. Msimamizi wetu alisema wasomaji wanakuja kutafuta vitabu, hawaji kututafuta sisi, na kwa hilo peke yake nilimshukuru. Kwa mengine yote nilimwona mtu mgumu kama mkate wa juzi.

Hiyo ilikuwa Doha, miaka ile mji mzima ulipokuwa ukichimbwa kwa ajili ya mashindano ya mpira. Nilitoka Kenya na cheti changu cha ukutubi, nikapata kazi ya kaunta katika maktaba ya umma, na nikapanga chumba mtaa wa Najma na wanawake wengine watatu, kitanda changu kikiwa kimezungushiwa pazia. Nyuma ya pazia nilikuwa mimi. Mbele yake nilikuwa dada wa kanisani ambaye bado hajapata bwana, na kila mtu alikuwa na kaka au binamu wa kunitafutia. Niseme wazi, maana sasa nimefika umri wa kusema wazi: napenda wanawake, na wakati ule nilimpenda mmoja.

Alikuwa muuguzi. Aliishi kwenye nyumba za wafanyakazi wa hospitali, upande wa Al Rayyan, na tulijuana katika ibada ya Kiswahili, ambayo kule tuliifanya Ijumaa kwa sababu Jumapili ni siku ya kazi kama nyingine. Alikuwa na sauti nzuri ya pili katika nyimbo, mikono iliyokauka kwa kunawa dawa, na tabia moja ya ajabu kwa mtu aliyeokoka: alipenda vitabu vya kutisha kupita kiasi. Maiti zinazotembea, nyumba zinazopumua, watoto wenye macho meupe, vyote alivibeba viwili viwili na kuvirudisha baada ya siku tatu.

"Aki mimi nikishatishwa na kitabu, nalala kama mtoto," aliniambia. "Ward imenionyesha vitu mbaya kushinda hizi. Si uniletee ingine?"

Nilimletea. Kila siku yake ya mapumziko alinikuta nimemwekea kitabu chini ya kaunta. Hayo ndiyo yalikuwa mapenzi yangu yote, kumwekea mtu kitabu, na nilijidharau kwa hilo lakini sikuacha.

Kisha ikaja ile riwaya. Vitabu vilitufikia kwa makasha kutoka ng'ambo, na jalada la hiki lilikuwa na picha ya nyumba na ukungu tu, kwa hiyo kilipita kwa wakaguzi bila mtu kuuliza kitu. Ndani yake wanawake wawili wanaopendana wanapanga nyumba pembezoni mwa mji, na kila kunapokucha kuna mtu mmoja zaidi mjini anayemwona mmoja wao tu. Muuza mboga anaanza kufunga mboga ya mtu mmoja. Jirani anauliza kwa nini unaishi peke yako. Mpaka mwisho, asubuhi moja, yule anayeonekana anaamka, anatazama upande wa pili wa kitanda, na hakumbuki kama kuliwahi kuwa na mtu. Nilikisoma kwa siku mbili wakati wa chakula cha mchana. Nilipomaliza nililia kwenye choo cha wafanyakazi, nikanawa uso, nikarudi kaunta.

Kadi niliiandika mara nne kwa Kiingereza, kwa herufi za kuchapa. Kwa lugha yetu ilisema hivi: "Wapangaji wawili, nyumba moja, na mji unaoamua kumwona mmoja tu. Kitakutisha. Kama umewahi kuishi mahali usipoonekana, kitakutisha zaidi." Msimamizi aliisoma, akasema vizuri, mizimu inaazimwa sana. Mimi nilijua naandika barua kwa mtu mmoja na kuibandika mlangoni.

Alikuja wiki hiyohiyo. Alisimama mbele ya rafu, akaisoma kadi, akaisoma tena.

"Nani ameandika hii?"

Nilikuwa na nafasi yangu pale, na hakukuwa na mtu karibu. "Sijui," nilisema. "Mwenzetu mmoja."

Akachukua kitabu, na kadi akaichomeka ndani. Kadi hazikuruhusiwa kutoka. Nilimwacha aende nayo.

Siku tatu zikapita, zikawa kumi. Ijumaa kanisani aliimba kama kawaida, akanisalimia kama kawaida, na kuhusu kitabu hakutamka neno. Sikumuuliza, kwa sababu kuuliza kungekuwa kujitaja. Lakini tunakatazwa kuchungulia kumbukumbu za wasomaji kwa sababu watu huchungulia, nami nilichungulia. Alikuwa ameongeza muda wa kukaa nacho. Wiki tatu baadaye akaongeza tena, na tena.

Mtu haongezi muda wa kitabu asichokipenda. Ndivyo kazi ilivyonifundisha, na niliamini kazi yangu. Miezi ikapita na yeye anaongeza, nami kila wiki ya tatu nafungua kompyuta kama mwizi. Nilinunua kikombe cha pili cha kunywea chai, mimi ninayeishi nyuma ya pazia. Nilikuwa na furaha ya kipumbavu kabisa, na sijawahi kuwa na nyingine kubwa kuliko hiyo.

Katikati ya furaha yangu akaja msichana mmoja Mganda, mhudumu wa hoteli kule Lusail. Alikuwa ameipiga ile kadi picha kwa simu siku ilipowekwa, na sasa alikuwa ametumia siku yake ya pekee ya mapumziko kuja mpaka kwetu.

"Nyabo, hii kitabu iko?" alinong'ona, akiniita bibi kwa lugha ya kwao.

Nilimwambia kimeazimwa. Akaniomba nimwandikishe kwenye foleni. Sasa, ukimwandikisha mtu, mfumo unakataa kuongeza muda, na aliye nacho anatumiwa ujumbe wa kukirudisha. Nilimtazama anavyoisoma ile picha, midomo ikitembea, na nilimjua ni nani kama ninavyojijua. Nikabonyeza-bonyeza kompyuta. "Nimekuandikisha," nilisema. Sikuwa nimeandika kitu.

Alikuja mara ya pili, nikamwambia asubiri. Hakuja ya tatu. Nimemtafuta kwa macho tangu siku hiyo, kila nilipoingia hoteli yoyote, na najua hakuna ninachoweza kumwambia.

Karibu mwaka ulikuwa umeisha muuguzi alipokuja kaunta, Jumanne asubuhi, amevaa nguo za mjini na si za kazi. Alikuwa amepata kazi Ireland. Angeondoka wiki iliyofuata.

"Nimekuja kurudisha mzigo wa watu," alisema, akatoa mfuko wa plastiki uliofungwa mafundo mawili.

Kitabu kilikuwa safi kama kipya. Nilisikia sauti yangu ikiuliza, "Ulikisoma?"

"Mara mbili."

Nilishika ukingo wa kaunta.

"Mara ya kwanza sikuamini macho," alisema. "Ya pili nilikuwa natafuta mahali shetani aliingilia hao wasichana. Sikuona. Hiyo ndiyo ilinitisha, dada. Vile imeandikwa, mpaka unawaonea huruma." Akainama kuniegemea, akashusha sauti. "Nikasema siwezi rudisha hii kitu, na wasichana wetu wa fellowship wanakuja hapa kila siku. Nikaifungia kwa sanduku, Biblia juu. Kila wiki tatu naongeza, ndio isishikwe na mtu. Na kila Ijumaa nafunga, namwombea huyu."

Akaitoa kadi kutoka ndani ya kitabu. Pembe zake zilikuwa zimechakaa kwa kushikwashikwa.

"Nani?"

"Huyu aliandika. Mtu hawezi andika hivi kama hayuko ndani yake. 'Mahali usipoonekana.' Aki huyu mtu anaumia. Mwaka mzima nimembeba kama mgonjwa wangu. Ulikuja kumjua?"

Hakuna msomaji aliyewahi kunielewa vizuri zaidi. Alikuwa ameisoma barua yangu neno kwa neno, akalia juu yake, akakosa chakula kwa ajili yake, na alikuwa amesimama mbele yangu, na macho yake yalinitazama kwa upendo anaopewa rafiki yeyote mwema.

"Hapana," nilisema. "Nasikia alishaondoka nchini."

"Basi tumwombee mara ya mwisho, mimi na wewe."

Akanishika mikono yote miwili juu ya kaunta, juu ya kitabu. Aliyepita alidhani tunaagana. Mikono yake ilikuwa mikavu na yenye joto, na nilikuwa nimeingoja kwa miaka, na aibu yangu kubwa ni kwamba nilitaka sala iwe ndefu. Kwa mnong'ono alimwomba Bwana amtafute dada huyu popote alipo, akitoe kitu hiki ndani yake, chote, asibakishe hata mzizi. Kisha akafumbua macho, akaningoja.

Nikasema amina.