Vifurushi vya Jerop

Jerop alikuwa mwanamke wa maneno machache, na mengi ya hayo machache yalikuwa ya kukosoa. Alikuwa na duka dogo la kutengeneza kompyuta Kitale, nyuma ya soko. Sisi wa zahanati moja nje ya Bungoma hatukuwa na fundi mwingine. Kompyuta yetu ya msaada ilitumia mfumo wa Linux, na ndani yake programu ya maana ilikuwa moja tu: ile iliyotutolea kila Jumatatu orodha ya wagonjwa wa kifua kikuu wanaopaswa kuchukua dawa. Mimi ndiye niliyekuwa karani. Jina lisipotoka, hakuna aliyemfuatilia mgonjwa.

Mwaka 2005 alituletea toleo jipya. Lilikuja kama maandishi ya walioitunga programu, na mashine yenyewe ndiyo iliyopaswa kuyajenga yawe programu. Alishinda hapo kutwa nzima, akamalizia na amri ya make install, ambayo hutawanya mafaili kila pembe ya kompyuta bila mashine kuweka kumbukumbu yamekwenda wapi. Vipande vya toleo la zamani vilibaki humo vikachanganyika na vipya. Kwa wiki tatu jina la Mzee Wepukhulu halikutoka. Alipoletwa alikuwa amekonda vibaya, ikabidi aanze matibabu upya.

Nilimgombeza Jerop mbele ya watu, na hadi leo naona haya. Yeye alikaa siku mbili akiwinda faili moja baada ya jingine, akifuta.

Baadaye alirudi na njia nyingine. Alijenga programu kama kawaida, ila mahali pa amri ile ya mwisho akaweka checkinstall. Kazi yake ni kutazama kila faili linakokwenda, kisha kuyafunga yote kuwa kifurushi kimoja ambacho mashine inakitambua. Ukitaka kukitoa, amri moja inatosha. Ukitaka kukipeleka kwenye mashine nyingine ya aina hiyohiyo, unakinakili kwenye CD. Hivyo ndivyo zahanati za Ndalu na Lwakhakha zilivyopata programu yetu bila yeye kushinda huko kutwa.

Katikati ya mwaka 2008 aliniita Kitale. Nilimkuta amejifunga leso kichwani, shati limemzidi. Ulikuwa uvimbe wa titi, nao ulikuwa umechelewa kugunduliwa.

“Daktari amesema nikae tu nyumbani,” aliniambia. “Kuna toleo mpya. Leo ni wewe utafanya, mimi naangalia.”

“Mama Bethwel,” nilimwita kwa jina la mwanawe, “mimi ni karani tu.”

“Si najua. Keti.”

Niliketi. Nilikosea mara nne, na kila mara aliniambia nianze tena, bila huruma. Jioni nikafika kwenye checkinstall, ikaanza kuniuliza maswali: jina la programu, toleo, mtunzaji ni nani. Kwenye mtunzaji niliandika jina lake, kwa kuwa vifurushi vyote nilivyowahi kuviona vilikuwa nalo.

“Futa hiyo,” akasema. “Weka yako.”

“Kwa nini?”

“Mashine ikisumbua, watu wataangalia hapo kujua watauliza nani.”

Nilikasirika. Nilimwambia sitaki, kwamba atapona, kwamba hiyo si kazi yangu. Alinisogezea kibodi. Kisha nikafuta herufi za jina lake, moja baada ya nyingine, nikaandika Rahab Wakonyo. Alisoma, akaniambia niweke na namba ya simu. Kifurushi hicho nilikinakili kwenye CD, nikakipeleka kwetu, Ndalu na Lwakhakha.

Tulimzika Agosti, siku ya Jumamosi. Jumatatu asubuhi, nikiwa bado sijavua koti, simu ililia. Alikuwa Kiptanui, karani wa Lwakhakha.

“Pole kwa msiba, Rahab,” alisema. “Lakini hii orodha inakataa kutoka, na wagonjwa wako hapa nje. Nimeuliza mashine, inasema mwenyewe ni wewe. Ni ukweli?”

Nilimwomba anipe dakika moja, nikaketi, nikamwambia ndiyo, ni mimi.