Machozi kwa Chombo cha Zuhura

Nilipokuwa mfanyakazi wa ndani mtaa wa Al-Nuzha, Jeddah, bosi wangu alipenda sana vipindi vya anga. Jioni moja nilimpelekea kahawa, nikamkuta analia mbele ya televisheni. Walikuwa wakionyesha vyombo vya kwanza vilivyotumwa sayari ya Zuhura bila mtu ndani. Kimoja kilitua, kikazimika kwa joto.

"Maskini," akaniambia, "kimekufa peke yake, mbali na kwao."

Mwanamume mzima, analilia bati! Nikamwambia chumba changu cha juu ya paa hakina hata feni, na joto halinipi usingizi.

"Mafi mushkila, hakuna shida, utazoea," akajibu huku akipangusa machozi.

Tangu hapo nilimdharau. Mkataba ulipokwisha alinisihi nibaki. Nilimwambia, "Halas, baba, imetosha," nikaenda kufunga sanduku langu.