Jinsi seva yangu ya nyumbani ilivyomnunisha mama mkwe

Wakuu, wakubwa shikamooni, wadogo mambo vipi. Naandika nikiwa Arua, West Nile, Uganda. Haya yamenikuta mwenyewe, sijatia chumvi, na mke wangu Keji amekaa hapa pembeni anakagua kila mstari.

Kiswahili changu nilikiokota shuleni Moshi, kikiteleza nivumilieni.

Keji ni Mkakwa wa Abuku, huko Koboko. Mimi ni Mlugbara wa Ayivu. Mama yake hajui Kilugbara, na Kikakwa changu kinaishia kwenye salamu, kwa hiyo tunaelewana kwa Kiswahili cha sokoni.

Mama mkwe ndiye kiongozi wa kwaya ya akina mama kanisani kwao. Nyimbo nyingi ametunga mwenyewe, anazirekodi kwenye simu. Simu ya kwanza iliingia maji na nyimbo zote zikaenda. Keji alilia siku hiyo.

Nikasema mimi fundi wa kompyuta nitakaaje tu? Nikachukua laptop ya zamani iliyokufa kioo, nikaweka Linux, halafu programu ya bure ya kuhifadhi na kushirikishana mafaili. Umeme wa hapa una tabia zake, nikaifunga kwenye betri ya sola. Mtandao wetu hautoi public IP, ile anwani ya kufikika kutoka nje, nikapitia tunnel, njia ya kuzunguka. Ikakubali.

Kila mtu wa familia akapata akaunti. Mama akirekodi Abuku, wimbo unapanda wenyewe, sisi tunausikiliza Arua tukiosha vyombo. Raha tupu.

Sasa wakuu mnaujua ugonjwa wetu. Kitu kikishafanya kazi, tunaanza urembo.

Nikabadilisha rangi. Kwenye ukurasa wa kuingilia nikaweka picha yangu ya harusi, meno yote nje. Ile "Welcome" nikaona imepoa, nikaandika ya kwangu: "Karibu tena", halafu seva inajaza jina la mtu yenyewe, halafu "umetuletea nini leo?"

Nikajaribu kwa akaunti yangu, nikacheka. Keji naye akacheka. Mashemeji wakanisifu.

Wakati huo Keji alikuwa na mimba ya mtoto wetu wa kwanza, na siku zimekaribia. Alitaka kitu kimoja tu, mama yake awepo akijifungua. Mama alishakubali, hata unga wa muhogo wa kuja nao alishasaga.

Ghafla kimya. Nyimbo hazipandi. Keji akipiga simu anaambiwa mguu unauma, tutaona.

Keji akanyong'onyea. Anapanga nguo za mtoto, anazipangua, anazipanga tena. Iliniuma kumtazama, na sikujua la kufanya. Nikaangalia log, kumbukumbu za seva, nikakuta mama hajaingia tangu siku ile niliyoweka urembo. Nikadhani ni bug, hitilafu ya programu.

Ndipo akapiga Wani, kaka yake Keji, ambaye anaendesha boda Koboko.

"Shemeji, mashine yako iko na matusi."

"Matusi gani?"

"Iko naita mama jina. Tena iko nauliza yeye, umeleta nini. Na sura yako iko pale juu, nacheka. Mama nasema kama unataka kitu yake, tuma watu. Hapana tuma mashine."

Hapo ndipo nikaelewa.

Kwa mlio mbali, nieleze. Kwetu mume hamtaji mama wa mkewe kwa jina. Humtaji mbele yake wala nyuma yake. Hata nikiongea na Keji nasema "mama". Hapa pia sijaliandika, rudini juu muangalie.

Na akaunti nilikuwa nimeifungua kwa jina lake. Kila akifungua simu, anakutana na mkwe wake anakenua, anamwita jina na kumdai zawadi.

Kurekebisha sasa. Display name, jina linaloonekana, inabadilika, ila username, jina la kuingilia, ukishaiweka ndiyo hiyo. Ilibidi nifungue akaunti mpya iitwayo "mama", nihamishe umiliki wa mafaili, kisha nifute ya zamani. Na amri ya kuhamisha inataka uandike username ya zamani kwenye terminal, dirisha la amri.

Nilimwita Keji aiandike yeye. Msinicheke. Alikuja na tumbo lake, akaketi, akagonga herufi moja moja, mimi nikiwa nimeangalia dirishani.

Picha yangu nikaitoa, nikaweka ya kwaya yao. Salamu ikabaki "Karibu, Mama." Swali nikafuta.

Halafu nikatuma watu. Baba yangu mdogo alikwenda Abuku na sukari, sabuni na jogoo. Akarudi akasema jogoo amepokelewa, maneno hakuna.

Tukangoja. Kisha faili moja ikapanda, sauti tupu, imeandikwa "ya baba ya mtoto". Tukaifungua pamoja.

"Baba ya mtoto. Nimeona mashine. Sasa iko na adabu. Mguu imepona. Tafuta maji na kuni, mimi nakuja."

Keji aliirudia mpaka akaikariri. Mimi nikatoka nje kujifanya naangalia sola.

Mama akaja, na Keji akajifungua salama mikononi mwa wauguzi, mama yake akiwa kando. Msichana. Namshukuru Mungu sana.

Keji akampa mtoto jina la mama yake. Watu wakashangilia, mimi nikakwama. Nikawa namwita binti yangu "kadogo".

Mama mkwe aliliona hilo. Siku moja amempakata mtoto mkekani, akasema bila kunitazama:

"Baba ya mtoto. Mtoto iko na jina."

"Ndiyo, mama."

"Ya kwangu, acha. Hii ya mtoto, mimi nimekupa. Ita, nasikia."

Nikaita. Mama akamgeuza mtoto anitazame.

Nilichojifunza wakuu, admin unaweza kufungua folda ya kila mtu, lakini jina la mtu lina mwenyewe. Kabla hujagusa rangi, uliza nyumbani kwao huyu anaitwaje na nani anaruhusiwa kumwita. Na picha yako ya harusi ibaki ukutani.

Wenye seva za familia, wakwe zenu mmewaandikaje? Tupeni uzoefu, na anayejua kuweka salamu tofauti kwa kila kundi anielekeze.

Mtoto naye nimemfungulia akaunti ya picha zake. Username nimeiandika mwenyewe, Keji shahidi. Anaitwa Jokudu.