Mama Alipozima Mashine

Juzi nilishuka Nangurukuru kubadili gari la kwenda kwetu Kivinje, na kabla sijapata hata pa kuweka mzigo, nikanusa petroli iliyochanganyika na unga wa mahindi. Nyuma ya vibanda vya chai kulikuwa na mashine ya kusaga. Nikaganda pale mpaka kijana wa bodaboda akaniuliza kama nimepotea. Nilimwambia hapana, namkumbuka mama yangu, naye akaniacha.

Marehemu baba alimwachia mama mashine ya petroli yenye kelele za kumrudisha nyoka pangoni, na kwa mashine hiyo alitulisha watoto watatu. Nilikuwa na miaka kama tisa. Mreno alikuwa bado ng'ambo ya Ruvuma, na vita vya kule tulivijua kwa ndege zilizopita juu na manowari zilizosemekana kuzunguka mbali baharini. Basi wakaja wanamaji wetu watatu, wakapanga jumba la mawe lililopakana na mashine yetu. Walitundika waya mrefu kutoka dirishani mpaka kwenye mnazi, wakasema wao ni watu wa hali ya hewa. Mji ukaamini. Mvua ilipoharibu pilau ya harusi fulani, wazee wawili walikwenda kuwalaumu kwa kutotoa taarifa mapema.

Kiongozi wao alikuwa Koplo Damiani, kijana wa Kimakonde, Mkristo, mpole mno, aliyekulia upande wa Wareno kabla wazazi wake hawajavuka mto. Siku moja alimwamkia mama shikamoo, akamwomba awe anazima mashine kila siku kuanzia alasiri mpaka magharibi. Mama akataka kujua sababu. Koplo akasema hana ruhusa ya kuitaja. Mama akakubali hivyo hivyo.

Sasa fikirini wenyewe. Alasiri ndiyo saa wanayorudi wanawake kutoka shamba na vikapu vyao, tena Ramadhani ilikuwa mlangoni. Mwanamke amefunga, ameloweka mchele wake wa vitumbua, anafika anakuta mlango umefungwa, inabidi arudi kwenye kinu na mchi. Wateja walianza kuhamia mashine ya upande wa pili wa mji. Kwetu uji ukawa mwepesi, na mimi nikamchukia yule koplo kwa tumbo langu lote.

Juu ya hayo, mama aliwapelekea futari kila jioni, muhogo wa nazi na kipande cha samaki, ndani ya sahani iliyofunikwa kawa. Alisema jirani hanusi chungu chako halafu akalala na njaa, awe wa dini gani. Lakini mbele yetu aliishi Bi Somoe, ambaye kinywa chake kilifunga chakula tu. Bi Somoe akaona mjane anazima mashine kwa neno la kijana, kisha anampelekea sahani iliyofunikwa. Yaliyobaki akayamalizia mwenyewe. Kisimani watu wakawa wananyamaza mama akifika, na jina lake likachanwa kama majani ya kusukia ukili.

Maneno yakafika Somanga kwa baba mkubwa, kaka wa marehemu baba. Alikuja na kanzu yake nzuri, akamtaka mama aeleze kuna nini baina yake na yule mtu, la sivyo baada ya Idi angewachukua watoto wa nduguye. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia, nasikiliza.

"Shemeji," mama alimjibu, "nimezima mashine. Sikuzima akili."

Akarudi jikoni kufunika sahani ya futari.

Kumi la mwisho la Ramadhani, boti ya mizigo ilikuwa inaondoka kwenda Mtwara na wafanyabiashara wa bidhaa za sikukuu. Bwana Bakari, mume wa Bi Somoe, alikuwa ndani. Injini imekwisha kuwaka, tukamwona Koplo Damiani anakuja mbio pwani, peku, anaizuia. Alisema kuna dhoruba kubwa. Mbingu ilikuwa nyeupe, hakuna hata wingu la kumsaidia. Walimcheka, wengine wakamtukana, lakini wenzake walikuwa na bunduki, kwa hiyo watu wakashuka. Dhoruba haikuja. Bwana Bakari akala Idi nyumbani kwake akinung'unikia hasara.

Baba mkubwa alitimiza ahadi. Alitupeleka Somanga mimi na ndugu zangu wawili, tukakaa huko mpaka wanamaji walipohamishwa na maneno yakapoa. Nilimlilia mama, na ukweli nilimkasirikia pia, maana niliona neno moja tu lingetubakisha.

Miaka mingi baadaye, mama akiwa haoni vizuri, mzee mmoja mwenye fimbo alibisha hodi. Alikuwa Damiani. Sasa alikuwa huru kusema. Kazi yao ilikuwa kuzisikiliza kwa siri manowari za Wareno, ambazo ziliongea zenyewe kwa zenyewe saa za alasiri. Cheche za plagi ya mashine yetu ziliingia redioni na kufunika sauti zote. Siku ile ya boti alisikia manowari moja ikiambiwa ivizie njia ya Mtwara na kupiga chombo kitakachopita, Wareno wakidhani kimebeba silaha za wapigania uhuru wa kule.

"Nilijua, mwanangu," mama akamwambia. "Si yote, lakini nilijua."

Akasimulia kuwa siku moja ya Ramadhani ile alipeleka futari akakuta mlango wazi. Akamwona koplo amevaa vile vidude vya kusikilizia masikioni, amefumba macho, anaandika huku akirudia Kireno kama cha wakimbizi waliokuja kusaga kwetu. Hali ya hewa, alisema mama, haisemi Kireno. Akaweka sahani kizingitini, akaondoka kimyakimya. Mzee Damiani alilia mbele yetu bila kuficha.

Alipoondoka nilimuuliza mama kwa nini hakumwambia hata baba mkubwa, tusichukuliwe.

"Angemwambia mkewe, na mkewe angeuambia mji, mpaka Mreno asikie," alisema. "Ninyi mlikuwa Somanga, mnakula, najua mlipo. Bakari na wenziwe wangekuwa wapi?"

Mama alipofariki, jeneza lake lilitoka mlangoni mabegani mwa wanaume wa mtaa. Wawili waliotangulia mbele walikuwa wana wa Bi Somoe, wote wamezaliwa baada ya Idi ile. Waombolezaji walinishika mikono wakiniambia niwe na subira. Nilikuwa nasema alhamdulillahi.